Mukanda Yenye Ilishaokoa Mutu

Batoto ya antenne, ninyi bote ba dépôt ya Butembo, wasingya, ninawasalimia.

Siku mulinipa kiti ya kuniaga, Kavira aliniuliza mbele ya batu: «Papa Kakule, mukanda ya kupandia antenne inaishi myaka ngapi?» Bote mulikuwa munangoja hesabu. Mimi nikaingiza mukate mukubwa mu kinywa, nikatafuna mupaka mukaanza kuongea mambo ingine. Haikuwa kiburi. Ndani ya ile swali kuna mutu alilala mu udongo, na mimi sikutaka kulia juu ya kiti mupya.

Sasa goti yangu inanikalisha nyumbani. Niko na Bic ya kuandika na kaye ya masomo ya mutoto wangu, nitajibu. Masomo yangu ilisimamia mwaka ya ine ya primaire. Mukikuta virgule, ile alama ya kupumuzika, ni mutoto njo aliiweka.

Tena ninaandika mbio, juu ya mukanda ya Kasereka. Kwa yule hajue: juma iliyopita kule Beni, Kasereka aliteleza ku antenne, mukanda ikamushika, akarudi nyumbani na alama ya bluu ku mapaja tu. Tumushukuru Mungu. Mais mulifanya nini nyuma ya ile? Muliitundika ile mukanda ku musumari ya dépôt, mukaweka rozari juu yake, mukalipisha misa ya shukrani ya Jumapili. Na Jumatatu, balisema, mwenye atapanda ile antenne murefu ya Kamango njo ataivaa. Nilipita kusalimia Posho, mulinzi wa dépôt, nikasikia Kasereka anasema: «Hii sasa tunaijua. Zile zingine bado hazijaonyesha kitu.»

 Ile maneno ninaijua neno kwa neno. Ilitokaka mu kinywa yangu mimi, wakati ya vita, kabla ninyi hamujazaliwa.

Kwanza jibu ya Kavira. Myaka inaandikwa ku kikaratasi yenye inashonwa ku mukanda. Musome ile. Kama imekatika ao haisomeke, hakuna mazungumzo, kata mukanda. Mais mukanda yenyewe haijue kusoma. Kuna ya myaka tatu imezeeka sawa mimi, na kuna ingine ya myaka tatu unaweza kuvalisha bibi-arusi. Njo mambo ilinishangazaka toka mwanzo: ni nini inaikula? Chuma inaoza, unaona kutu. Mbao inaoza, unaona mududu. Mukanda inakufa na uso muzuri.

Mwenye alinifundisha kuangalia ni Muzee Katembo. Mutu mufupi, mikono murefu, kofia ya sufu jua ao mvua. Asubuhi, kabla ya kupanda, alikuwa anafunga macho na kupitisha mukanda yote mu vidole, polepole, sawa mama anachagua mawe mu muchele. Kisha anaikunja kwa nguvu, sawa anataka kuivunja. Ukikunja, nyuzi za inje zinafunguka, na kama ziko na ugonjwa, zinasimama sawa manyoya ya paka. Kisha ananusa. Tulikuwa tunamucheka. «Muzee, ni mukanda ao ni samaki?» Yeye anajibu: «Samaki ikioza, unaumwa tumbo tu.»

Mukanda nyekundu tulipelekaka Kamango ikarudi rangi ya matofali nyuma ya kipwa moja, musimu moja ya jua. Tulizani ni rangi tu. Hapana, ni jua, na rangi njo ilikuwa inatuambia. Kule Kipese unavaa makoti mbili, unazani jua imelala. Jua ya mulima iko karibu, inakula bila kukuchoma. Siku moja tuliweka batterie ya gari na mikanda mu sac moja kuenda Kirumba. Kwa macho, hakuna kitu, mais maji kali ya batterie ilikuwa imeingia. Nyuma ya siku ine nikabonyeza na kidole, ikaingia sawa mu avoka ya kuiva. Na peinture, ile rangi ya kupaka! Tulikuwa tunaandika majina na peinture ya mafuta ili batu basiibe. Mimi niliandika KAKULE ku mabega yote mbili, na kiburi. Chini ya ile K njo mukanda ilikauka na kupasuka. Jina yangu ilikula mukanda yangu.

Ingine ilikatika mushono, nikaipeleka kwa fundi ya viatu mu soko. Akaishona vizuri, uzi nene, na akapiga rangi bule. Nilimuonyesha Muzee. Akaigeuza, akaigeuza. «Iko muzuri. Sasa ni kiatu. Vaa ku muguu.» Na akaikata mbele yangu. Alikuwa na kisu kidogo ya kipini ya pembe, na kila mukanda ilimaliza kazi alikuwa anaikata fasi tatu, ku bega, ku mugongo, ku paja, ili hata fundi ya viatu asijaribiwe.

Ile kisu mutaisikia tena.

Batu banafikiri wakati ya vita kazi ilikufa. Kazi gani? Vita inapenda antenne kuliko amani. Kila mukubwa na bunduki anataka kuongea na mukubwa mwingine. Chef yetu, Chef Muhindo, alikuwa na contrat ya kutengeneza antenne za phonie, redio ya kuongelea mbali, za bafanya biashara, toka Beni mupaka Kirumba. Basoda, baaskari ya vita, balikuja, na bao bakaanza kuongelea mule mule. Mukubwa yao tulimuita Commandant Six-Heures, sababu kila kitu alitaka kabla ya saa kumi na mbili. Majina ya hawa bawili ninaandika wazi. Nilinyamaza myaka mingi, haikunisaidia.

Siku moja, siku ya soko ya Kirumba, mwenzangu Kambale alianguka. Kamba ikavuta, mukanda ikamushika, akabakia ananing'inia juu ya batu sawa mbuzi ya boucherie. Soko yote ikainua macho. Nikapiga kelele: «Kambale, uko muzima?» Akajibu: «Uniulize nyuma! Sasa ningali ninaogopa!» Bamama ba makabichi bakacheka mupaka bakakaa chini.

Tulipomushusha, Muzee Katembo alitosha kisu. «Lete.»

Kambale akakumbatia mukanda na mikono mbili. «Muzee, hapana! Hii njo mama yangu wa pili.»

«Mama amekwisha kuzala. Umuache apumzike.»

Chef Muhindo akaingia katikati. «Hakuna kukata. Barabara ya Kasindi imefungwa. Nitatosha ingine wapi?»

Uongo. Sac muzima ya mikanda mupya ilikuwa imefika mwezi ule ule, na Chef aliipeleka yote kwa Commandant Six-Heures ili bamuachie gari yake. Dereva wake njo alituambia nyuma. Ninarudilia jina: Muhindo.

Mais ile siku mimi sikuangalia Chef. Niliangalia mukanda. Nilikuwa kijana, nilikuwa ninaogopa kila asubuhi, na hapa kuna kitu ilishashika mutu, mbele ya macho ya soko nzima. Nikasema: «Muzee, hii sasa tunaijua. Zile zingine bado hazijaonyesha kitu.»

Akanitazama sawa mutu amepoteza funguo. «Na wewe, Kakule? Jana ulikuwa na akili.»

Alirudisha kisu mu mufuko, mais nilijua asubuhi ataikata, Chef apende asipende. Donc niliiiba. Kambale mwenyewe aliacha kazi ile juma, akaenda kulima, hakupanda tena ata muti ya avoka. Mukanda ikabakia yangu. Niliipeleka kwa mama, nikamuambia: «Mama, unichungie hii sawa mbegu.»

Na mama akaichunga sawa mbegu. Munajua kwetu mbegu ya mahindi inachungwa wapi: juu ya moto, ku uchaga ya miti pale mu jikoni, fasi moshi inapita, panya haifike na mududu haiingie. Ni heshima. Aliitundika katikati ya mahindi ya kufungwa, na akapika sombe chini yake musimu nzima ya mvua. Nilikuwa ninaingia, ninainua macho, ninaiona pale juu, nyeusi kidogo, ninafurahi.

Sasa Kipese.

Antenne ya Kipese ilikuwa imenyamaza, na Commandant Six-Heures alitaka iongee ile siku ile ile. Ile antenne nilikuwa ninaiogopa, murefu, mu mawingu. Nikatosha mukanda ya bahati kwa mama, nikaiweka mu sac yangu chini ya viazi, nibadilishe nikifika. Yangu ya kila siku nilivaa toka nyumbani, ndani ya koti, sababu ya baridi. Mikanda zingine zilikuwa pamoja mu sac ya équipe.

Mbele ya Kipese, ku barrière ya njia, camion ya basoda ilikuwa inajaa: matela ya kulalia, manjanja ya kufunika nyumba, machini ya kushona, kitanda ya mutu. Vitu ya batu ba kijiji, batu tulikuwa tunajua. Soda mumoja akafungua sac ya équipe. «Oyo nini?» Commandant akashika mukanda, akaivuta, akapenda. Bakafunga nazo matela. Mikanda yenye ilipashwa kubeba batu ikaenda kubeba matela. Chef Muhindo akacheka naye. «Hakuna shida, mon commandant.»

Chini ya antenne Muzee Katembo akasema: «Bila mikanda hatupande.» Soda akasogeza bunduki, hakuielekeza, aliisogeza tu. Chef akasema: «Muzee, usitufie hapa chini.»

Njo pale mimi nikafungua sac yangu. Nilikuwa na furaha, ninawaambia ukweli. Nilijiona mwenye akili kuliko bote. Nikasukuma viazi pembeni. «Muzee, tazama!»

Akaipokea. Akanusa. «Inanuka mbegu. Uliichungia wapi?»

«Kwa mama. Juu ya moto.»

Akaikunja karibu ya sikio yangu. Ilifanya kelele sawa jani ya mahindi ya kukauka.  Nikamuambia: «Basi wewe vaa yangu. Mimi nitavaa hii, iko na bahati.»

«Bibi yako alizala lini?»

«Juma iliyopita.»

«Basi funga kinywa yako, na ufunge pia boucle ya mukanda yako.»

Akavaa ile ya moshi. Nikamuuliza sababu gani anavaa kitu anajua ni mubaya. Alijibu bila kunitazama: «Hii ni ya macho yao. Mimi nitapanda sawa mutu mwenye hana kitu.»

Na njo vile alipanda. Kabla ya kusogeza mukono moja, alihakikisha mukono ya pili na miguu mbili zimeshika. Polepole. Alikuwa juu yangu, miguu yake karibu ya kichwa yangu, mawingu inatupita. Karibu ya mwisho, chuma ya kukanyagia ikatoka ku boulon yenye inaishikilia. Kutu. Muguu yake ikaenda, mikono ikafuata. Nikasikia kamba inavuta na mukanda inashika: ka! Na kwa wakati ya pumuzi moja nikafurahi. Nikasema mu roho, njo ile, unaona, njo bahati. Kisha nikasikia kitu sawa gunia inapasuliwa, na Muzee akapita karibu yangu. Hakulia. Mukono yangu ya kuume ilikuwa imeshika clé ya kufungia boulon. Haikufikiria kuiachilia imushike.

Kule chini, Commandant Six-Heures alikuja, akatazama, akauliza: «Na phonie?» Chef Muhindo akainua kichwa. «Kakule, maliza.»

Nilimaliza. Munisikie vizuri, nilimaliza. Kabla ya saa kumi na mbili Commandant aliongea.

Leo banasema Commandant iko na bureau ya tapis chini na batu ya kumufungulia mulango. Chef Muhindo alikufa mu kitanda yake, chini ya manjanja mupya. Hawa bawili ninabataja. Wa tatu ni mwenye Bic.

Nyuma ya maziko ya Muzee, mama Katembo, bibi yake, alinipa kisu. Alisema: «Alikuwa anakutafuta nayo.» Hakujua alikuwa anasema nini. Ao alijua.

Mimi niliomba kitu moja tu, ile mukanda. Nikakaa nyuma ya jiko ya mama na wembe, nikafungua mushono moja moja, siku mbili. Balizani nimepoteza akili. Hapana, nilitaka kujua. Kitu yenye ilishika Kambale munene, sababu gani haikushika Muzee mwembamba? Nilikuwa ninaiuliza ile mukanda sawa juge mu tribunal.

Ikajibu. Ku mugongo, karibu ya pete fasi kamba inafungwa, mukanda imekunjwa na kushonwa na nyuzi nyembamba. Zile nyuzi zinatengenezwa ili zipasuke siku ya kuanguka, mara moja tu, zipunguze nguvu na ziache alama. Zilipasukaka zote Kirumba, siku ya Kambale. Kinywa ya ile kunjo ilikuwa wazi, inatuambia, na sisi tulikuwa tunasema bahati. Ndani ya ile kunjo, nyuzi zilishikamana, zinang'aa sawa sukari ya kuungua. Ni moto ya kuvutana. Na upande ya mabega, ule ulikaa juu ya jiko, nilikuwa ninauvunja na ukucha.

Donc nusu ilikufia Kirumba, na nusu ikafia kwa mama. Kwa Kipese tulipeleka picha ya mukanda.

Mama alitoka na kikapu. «Uko unatafuta nini mule?»

«Fasi ilikufia.»

Akatazama vile vipande vyeusi mu mikono yangu, akanusa, mara moja.  Mupaka anakufa, alichunga mbegu pale pale juu ya moto, mais fasi moja katikati, upana wa mabega ya mutu, aliiacha wazi. Sikumulaumu. Mimi njo nilisema sawa mbegu.

Basi, batoto. Mukanda inashika mutu mara moja. Hiyo njo maisha yake yote, Kavira, njo myaka yake. Yenye ilishashika, ata jana, ata mupya kabisa, imemaliza. Yenye haijaonyesha kitu njo unavaa. Na usiulize wenzako kama iko muzuri, uulize yenyewe: vidole, macho, kunja, nusa, sikiliza boucle kama inalia ka! bila muchanga. Ukikuta kitu haujui, ukuwe na hamu ya kujua ungali chini. Juu hakuna wakati.

Misa sikatae. Mushukuru. Mimi pia nilimushukuru Mungu kwa Kasereka, mutoto muzuri, anaimba vibaya.

Mais sasa niwaambie sababu gani mutakuta hii kaye ku meza ya dépôt Jumatatu asubuhi. Funguo yangu ya dépôt hakuna mutu aliniomba niirudishe. Jumapili, mulipokuwa ku misa, nilikuja polepole na goti yangu. Nikatosha rozari kwanza, nikaiweka ku meza. Nikageuza mukanda, nikatazama ku mugongo, karibu ya pete. Kinywa wazi. Nikakata ku bega, ku mugongo, ku paja. Vipande viko mu carton chini ya meza, kila mutu aingize kidole mu ile kunjo kabla ya kupanda gari ya Kamango. Rozari niliirudisha ku musumari wake.

Kasereka, utakasirika. Kasirika, baba. Njoo nyumbani unitukane, nitakupa kiti mupya, mimi nitakaa ku mukeka.

Nilikata na kisu ya Muzee Katembo. Ilichelewa kidogo. Mais ingali inakata.